UMAR BIN ABDUL-AZIZ: KHALIFA ALIYEKATA HATI ZA URITHI WAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Tunakuomba karatasi hii uisome baada ya swala, au nyumbani pamoja na jamaa yako, siyo wakati khatibu yuko juu ya mimbari.

Ijumaa hii tunakuletea maisha ya mtu ambaye jina lake unalijua. Ukisikia Umar bin Abdul-Aziz (Mwenyezi Mungu amrehemu) unakumbuka mara moja ile habari ya taa: kwamba usiku alifanya kazi za umma kwa taa yenye mafuta ya Baitul-mali, na mgeni alipoanza kumuuliza hali ya nyumbani, akaizima na kuwasha ya kwake. Habari hiyo imehubiriwa sana, mpaka watoto wa madrasa wanaimaliza kabla ya mwalimu. Leo tunaiacha. Tunataka uingie naye nyumbani kwake, uone vitu alivyokuwa navyo, vilimfikia kwa njia gani, na jinsi alivyoachana navyo kimoja kimoja.

Tunasema hivyo kwa sababu jambo hilo liko katika nyumba yako pia. Chini ya kitanda kuna valizi ambayo haijafunguliwa tangu matanga. Vikwembe vya marehemu mama vimekunjwa humo, na kila dada anayekuja kusalimia anavihesabu kwa macho. Kabatini kuna sahani zinazongoja wageni wa heshima, na wageni wa heshima wanakuja, wanakula katika sahani za kila siku, wanakwenda zao. Cherehani ya baba haishoni tena lakini hakuna anayethubutu kuiondoa sebuleni. Mimi ninayekuandikia nilikaa na sanduku la nguo za marehemu baba miaka mingi nikisema ni ukumbusho. Siku nilipolifungua nikakuta nondo wamekwisha kurithi, na haikupatikana kanzu hata moja ya kumpa maskini.

Na liko jambo zito kuliko nguo. Katika miji yetu ya mashariki wako watu waliokimbia katika vita vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998, wakaacha nyumba na parseli. Wengine waliporudi walimkuta mtu mwingine ndani, na karatasi mkononi. Yule aliyeingia leo amezeeka au amekufa, na watoto wake wanagawana parseli ile kwa hesabu ya mirathi: mjane thumni yake, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Hesabu ni sahihi kabisa. Linalobaki ni kujua kama kilichogawanywa kilikuwa mali ya baba. Umar bin Abdul-Aziz alikutana na swali hilohilo, na yeye hakuwa na parseli moja, alikuwa na mashamba katika nchi nyingi.

Alizaliwa kati ya mwaka 61 na 63 wa Hijra, yaani mnamo mwaka 681 hivi wa Miladia. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri karibu miaka 20, na ndugu wa baba yake, Abdul-Malik bin Marwan, alikuwa khalifa huko Dameski. Hao ndio Bani Umayya, watawala wa Waislamu kwa zama zile. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Bila shaka umekwisha kusikia kisa cha msichana wa maziwa: Sayyidna Umar alipita usiku katika vichochoro vya Madina, akamsikia mama akimwambia binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza, na binti akakataa, kwa kuwa Khalifa hawaoni lakini Mola wake Khalifa anawaona. Sayyidna Umar akamwoza msichana yule kwa mwanawe Asim. Wanaosimulia wanasema huyo ndiye bibi yake mzaa mama Umar bin Abdul-Aziz. Basi kabla ya kurithi shamba hata moja, mtoto huyu alikwisha kurithi vitu viwili visivyokaa pamoja kwa urahisi: ukubwa wa upande wa baba, na bibi aliyekataa kuongeza maji.

Alipelekwa Madina kusoma kwa wanachuoni. Mwalimu wake alikuwa Salih bin Kaysan. Siku moja kijana alichelewa swala ya jamaa, na alipoulizwa ikajulikana kwamba alikuwa akichanwa nywele. Mwalimu akaandika barua mpaka Misri, na baba hakujibu kwa barua. Alimtuma mtu aje amnyoe kichwa. Fikiri, baba gavana wa nchi nzima, na anapata nafasi ya kushughulikia nywele za mtoto zilizochelewesha swala moja. Sisi wengine tunaishi nyumba moja na watoto na hatujui kama wameswali.

Lakini nywele ziliota tena, na kijana alikua akiwa mpenda vitu vizuri. Hatukufichi hilo, maana wako wahubiri wanaomwelezea kana kwamba alizaliwa amevaa gunia. Sivyo. Manukato yake yalijulikana njia nzima. Akipita mahali watu walijua amepita. Mwendo wake wa maringo ulikuwa na jina lake, na wasichana wa mjini walijifunza kutembea hivyo. Nguo ya bei ya mamia ya dirhamu aliigusa kwa vidole akaiona ina ukavu. Baba yake alipofariki, mnamo mwaka 85 au 86 wa Hijra (705), fungu lake la urithi likamwongezea mali juu ya mali, na Khalifa Abdul-Malik akamwoza binti yake Fatima. Fatima aliingia nyumbani na johari aliyopewa na baba yake, na wasimulizi wanasema mfano wake haukuonekana. Kumbuka johari hiyo, tutairudia.

Mwaka 87 wa Hijra (706), al-Walid, aliyekuwa khalifa baada ya baba yake Abdul-Malik, alimfanya Umar gavana wa Madina. Alikuwa kijana wa miaka 25 hivi. Aliingia mji wa Mtume (S.A.W.) na mizigo yake juu ya ngamia 30. Ndugu msomaji, wewe uliyewahi kuhama nyumba unajua mizigo inavyozaa. Walioishi Goma tarehe 17 Januari 2002, siku ile moto wa Nyiragongo uliposhuka mpaka katikati ya mji, wanajua upande wa pili: mtu alipewa dakika chache achague atakachobeba kichwani, na wengi walijikuta barabarani na godoro au sufuria, na mtoto mkononi. Umar alikuwa bado hajaambiwa achague. Alibeba vyote.

Hata hivyo alitawala vizuri. Aliwaita wanachuoni 10 wa Madina wawe washauri wake, akawaambia wamjulishe dhuluma yoyote watakayoiona au kuisikia. Na hapohapo Madina alipewa kazi ambayo kwa maoni yangu haisimuliwi vya kutosha. Al-Walid aliamuru Msikiti wa Mtume upanuliwe, na ili upanuke ilibidi vyumba vya wake wa Mtume (S.A.W.) vibomolewe. Kazi ilianza mwaka 88 wa Hijra, na msimamizi wake alikuwa Umar.

Vyumba vile vilikuwa nini? Matofali mabichi ya udongo, vijiti na makuti ya mtende, mlangoni pazia la nywele za wanyama. Dari ilikuwa chini hata al-Hasan al-Basri, alipokuwa kijana anayeanza kukua, aliweza kuigusa kwa mkono. Siku barua ya Khalifa iliposomwa, watu wa Madina walilia, na wana wa Masahaba walilia pamoja nao. Mwanachuoni mkubwa Said bin al-Musayyib alisema, kwa maana yake, kwamba alitamani viachwe kama vilivyo, ili kizazi kinachokuja na mgeni atokaye mbali aone Mtume alitosheka na nini katika maisha yake, na watu wapunguze kushindana kwa wingi wa vitu. Tazama jambo hili vizuri. Si kila kitu cha wazee ni cha kuondolewa. Kuna kitu kikikaa kinakupunguzia tamaa, na kuna kitu kikikaa kinakuongezea. Said aliomba kibaki chumba kitupu. Hakuomba kibaki kilichojaa.

Vyumba vilibomolewa. Msikiti ulijengwa kwa mawe na mapambo. Umar akaendelea na kazi mpaka mwaka 93 wa Hijra (712), alipoondolewa, kwa kuwa al-Hajjaj, gavana wa Iraq, alilalamika kwamba watu wanaoikimbia mikono yake wanapata hifadhi Madina. Akarudi Sham, na mali yake ikazidi. Wafalme wa nyumba yake walimpa mashamba: upande wa Yamama, upande wa Yaman, na fungu la Fadak, ile ardhi ambayo zamani ilikuwa mkononi mwa Mtume (S.A.W.) na ambayo kwa babu yake Marwan ikageuka kuwa mali ya ukoo. Mwanawe aliulizwa miaka mingi baadaye mapato ya baba yake yalikuwa kiasi gani siku alipopata ukhalifa, akajibu: dinari 40,000 kwa mwaka. Dinari ya zama zile ilikuwa na dhahabu ya gramu 4 na robo. Ndugu zetu wanaopima dhahabu Kamituga na Maniema watafanya hesabu wenyewe: ni kilo 170, kila mwaka.

Mwezi wa Safar mwaka 99 wa Hijra (Septemba 717), Khalifa Sulaiman, nduguye al-Walid, alifariki huko Dabiq, kaskazini ya Sham. Alikuwa ameacha barua iliyofungwa kwa muhuri, mikononi mwa Rajaa bin Haywa, na watu walikula kiapo cha utii kwa jina lililomo bila kulijua. Barua ilipofunguliwa jina likawa la Umar. Wengine walikasirika, na yeye mwenyewe alishikwa na hofu, akawa kama mtu aliyeletewa msiba.

Hapa ndipo vitu vinapoanza kuondoka. Baada ya mazishi aliletewa farasi wa khalifa, akawaacha, akapanda nyumbu wake. Akawekewa hema la khalifa na mazulia, akaamuru vipelekwe Baitul-mali. Kisha ikaja habari ya nguo na manukato ya marehemu. Ilikuwa desturi ya watu wale kwamba khalifa akifa, nguo alizokwisha kuvaa na manukato aliyokwisha kugusa ni ya watoto wake, na ambavyo havijaguswa ni vya khalifa mpya. Basi watu wa nyumba ya Sulaiman walifanya nini? Wanasimulia kwamba walikesha usiku kucha wakimimina mafuta mazuri kutoka chupa hii kwenda chupa ile, na kuvaa nguo mpya na kuzivua ili zikunjamane, vionekane vimetumika. Marehemu hajalala usiku mmoja kaburini, na nyumbani kwake watu wanabadilishana makanzu gizani.

Usicheke, ndugu. Umekwisha kuona hayo kwetu. Umeona godoro linalotoka kwa mlango wa nyuma wakati wanaume wako makaburini. Umeona simu ya marehemu inayopotea kabla ya maji ya kuoshea maiti kupoa, na redio ambayo ghafla marehemu alikuwa amemwahidi mtu fulani, na shahidi hakuna.

Asubuhi wakamwonyesha Umar mafungu mawili: haya yako, haya yetu. Akatazama akasema kwamba si yake, wala hayakuwa ya Sulaiman, wala si yao. Akamwita Muzahim, msaidizi wake, akamwamuru avipeleke vyote Baitul-mali. Hakugombana nao juu ya kilichoguswa na kisichoguswa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya marehemu: marehemu mwenyewe alivipata wapi?

Siku hizo alikuwa hajalala. Alitaka kujinyoosha kidogo kabla ya adhuhuri, ndipo aanze kurudisha vilivyodhulumiwa. Akaingia mwanawe Abdul-Malik, kijana ambaye hajafika miaka 20, akamuuliza baba yake ni nani aliyemdhaminia kwamba ataishi mpaka adhuhuri. Baba akainuka, akambusu kipajini, akamshukuru Mungu kwa kumpa katika kizazi chake mtu wa kumsaidia katika dini. Usingizi ukaahirishwa.

Lakini kabla ya kuwaambia watu wengine warudishe, alijitazama mwenyewe. Akamweleza Muzahim kwamba jamaa zake walimpa mashamba ambayo hawakuwa na haki ya kuyatoa, na yeye hakuwa na haki ya kuyapokea. Muzahim alikuwa mtu mwema, ila alimwonea huruma: je, watoto wako ni wangapi, watakula nini? Umar akatokwa na machozi, akasema anawakabidhi kwa Mwenyezi Mungu. Muzahim akatoka akaenda kwa kijana Abdul-Malik, akidhani atapata wa kumuunga mkono, maana ni urithi wake kijana unaokwenda. Kijana akamwambia kwamba yeye ni mshauri mbaya. Akaingia kwa baba akamhimiza asingoje hata jioni.

Basi watu wakaitwa msikitini. Umar akapanda mimbari, akaeleza kwamba anaanza na nafsi yake na watu wa nyumba yake. Muzahim alikuwa na kikapu cha hati za mashamba. Alisoma hati moja, Umar akaipokea akaikata kwa mkasi. Akasoma ya pili, akaikata. Hati za Yamama, hati za Yaman, moja baada ya moja, mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri. Fadak akairudisha katika matumizi yaliyokuwa wakati wa Mtume (S.A.W.). Hata jiwe la pete kidoleni alilitoa, kwa kuwa al-Walid alimpa kutoka mali iliyoletwa na majeshi ya Maghrib.

Unaweza kuuliza, na ni swali la haki: urithi si umehalalishwa na Mwenyezi Mungu? Ndiyo, umehalalishwa na mafungu yake yamepangwa, na anayemnyima mrithi fungu lake anadhulumu. Lakini sheria ya mirathi inagawa mali ya marehemu. Kile ambacho hakikuwa cha marehemu, kifo chake hakikisafishi. Kikipita kwa babu, kikaja kwa baba, kikafika kwako kwa hati yenye muhuri, bado ni cha yule aliyenyang'anywa au cha Baitul-mali, Leta, kama tunavyosema. Na ujue tena kwamba Umar hakutupa kila kitu kama mwenye kuichukia dunia. Alibakiza chemchemi ya Suwaida, huko Hijazi, kwa sababu aliichimba na kuitengeneza kwa posho yake mwenyewe kama Waislamu wengine. Alijua tofauti. Mapato yake yakashuka kutoka dinari 40,000 mpaka dinari 400. Nguo za ziada, manukato na anasa nyingine aliviuza, na wanasimulia kwamba bei yake ilifika dinari 23,000. Akaitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Wafikirie wale ngamia 30.

Ikabaki johari ya Fatima. Hapa ningependa wanaume wasome polepole. Yeye alikuwa Khalifa, na johari ile, kwa kuwa Abdul-Malik aliitoa katika mali ya Waislamu, kwake ilikuwa sawa na yale mashamba. Angeweza kutuma askari ailete. Hakufanya hivyo. Alimweleza mkewe, akampa hiari: airudishe Baitul-mali, au amruhusu waachane, maana hawezi kukaa nyumba moja na johari ile. Fatima alikuwa binti wa khalifa, na dada wa makhalifa waliopita na waliokuja. Akamchagua mumewe. Akasema hata kama ingekuwa mara nyingi zaidi ya hiyo angeiacha. Ikabebwa ikawekwa katika Baitul-mali ya Waislamu.

Baada ya hapo ndipo akawageukia jamaa zake, na hapo maneno yakawa mengi. Mashamba yalirudishwa kwa wenyewe, na Umar hakuwataabisha watu kwa ushahidi mzito. Akiona alama ya dhuluma alirudisha. Huko Iraq fedha za hazina ziliisha kwa kulipa madai, ikabidi zipelekwe nyingine kutoka Sham. Bani Umayya wakamtuma shangazi yake, maana mpwa hamfukuzi shangazi. Alimkuta anakula mkate, chumvi na mafuta kidogo. Alimsikiliza kwa adabu yote, kisha akampa mfano: Mtume (S.A.W.) aliwaachia watu mto, wote wanywe sawasawa, waliomfuata wakauacha kama ulivyo, halafu wakaja wengine wakachimba mifereji kwenda mashambani kwao, mpaka mto ukakauka. Akasema hatapumzika mpaka maji yarudi katika njia yake. Shangazi akawarudia waliomtuma akawaambia wajilaumu wenyewe, kwani wao ndio waliooa katika ukoo wa Umar bin al-Khattab, na sasa wanamwona mjukuu.

Nyumbani shida iliingia, hatutakudanganya. Binti zake walimpokea usiku mmoja wakifunika vinywa kwa mikono, kwa sababu walikuwa wamekula dengu na vitunguu na hawakutaka asikie harufu. Hapakuwa na kingine cha jioni. Alilia, akawauliza itawafaa nini wale vyakula vya aina nyingi na baba yao apelekwe motoni. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, shemeji yake Maslama alimwona na kanzu chafu, akamwambia dada yake Fatima aifue. Aliporudi akaikuta vilevile, akakasirika. Fatima akaapa kwamba hana nyingine. Huyo ndiye kijana aliyeona ukavu katika nguo ya mamia ya dirhamu.

Na yule Abdul-Malik, aliyemhimiza baba yake atoe urithi wa watoto, alifariki kabla ya baba. Katika kipindi kifupi Umar alimzika yeye, ndugu yake Sahl, na Muzahim.

Yeye mwenyewe alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 wa Hijra (Februari 720), mahali paitwapo Dair Simaan katika nchi ya Sham, akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Alitawala miaka miwili na miezi mitano. Ardhi ya kaburi hakuichukua kwa ukhalifa. Aliinunua kwa wenyewe, watu wa dini ya Kinasara waliokaa pale. Maslama alimlaumu kwamba amevifunga vinywa vya watoto wake na mali. Akaomba ainuliwe akae, akawaita wanawe, akawatazama, macho yakajaa. Akawaambia kwamba alikuwa na njia mbili: wao watajirike na yeye aingie motoni, au wao wawe mafukara na yeye aingie peponi, na akachagua. Lakini haki yao hakuwanyima, akasema, na cha watu hakuwapa.

Aliacha dinari 17. Tano zilikwenda katika sanda, mbili katika ardhi ya kaburi, na zilizobaki zikagawanywa. Kila mtoto wa kiume, na walikuwa 11, akapata kama dirhamu 19. Baadaye akafa Hisham bin Abdul-Malik, khalifa pia, naye aliacha watoto 11, kila mmoja akapata milioni moja. Aliyesimulia hayo alisema alimwona mmoja katika wana wa Umar akitoa farasi 100 katika njia ya Mwenyezi Mungu kwa siku moja, na mmoja katika wana wa Hisham akipewa sadaka na watu.

Habari hii inapendwa sana na sisi wahubiri, lakini tahadhari nayo. Usiichukue ukawaacha watoto wako bila kitu ukitegemea watakuwa na farasi 100. Mtume (S.A.W.) alimzuia Saad bin Abi Waqqas (R.A.) asiusie zaidi ya thuluthi ya mali yake, akamweleza kwamba kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Mali ya halali ya watoto ni haki yao. Alichokikata Umar kwa mkasi ni kile ambacho hakikuwa chake wala chao. Basi kaa na ndugu zako, wakati wazee wanaokumbuka bado wako hai, mfungue valizi, msome karatasi, muulize kila kitu kilitoka wapi. Nguo zivaliwe na wasio na nguo kabla ya nondo. Na ile parseli, kama mwenyewe yuko, au watoto wake wako, nanyi mnajua, mnajua.

Tumalizie ile johari. Umar alipokwisha kuzikwa, ukhalifa ulikwenda kwa Yazid bin Abdul-Malik, ndugu yake Fatima, baba mmoja. Johari ilikuwa bado iko Baitul-mali, haijauzwa. Yazid akamwita dada yake akamwambia kwamba anajua Umar alimtaabisha. Kama anapenda, atamrudishia kitu chake. Hakuwapo tena mume wa kumzuia, na aliyekuwa akimpa ni Khalifa. Fatima akakataa. Alisema hakukubali kuiacha akiwa hai Umar ili airudie akiwa amekufa. Yazid akaichukua, akawagawia watu wa nyumba yake, na Fatima akiwa palepale anatazama.